Nimehamia Arusha na Jimny yangu: njia za porini nitazipataje?

Swali: Shikamoo mzee. Nimehamishiwa Arusha kikazi miezi minne iliyopita nikitokea Dar es Salaam. Nina Suzuki Jimny ya zamani, ile ya injini ya cc 1,300, na kwa miaka sita nimezunguka nayo Kisarawe, Bagamoyo mpaka Saadani. Kule nilikuwa najua kila kichochoro. Hapa kila ninayemuuliza ananiambia nilipe niingie hifadhini, au ananitumia picha nzuri za Ziwa Natron bila kusema alipita wapi. Mwezi uliopita nilifuata ramani ya simu maeneo ya Monduli, nikatokea kwenye boma la watu. Nikageuza gari kwa aibu. Njia za fowili nje ya hifadhi zipo kweli? Nitazipataje bila kukwama na bila kuingia matatani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na karibu Arusha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili niliwahi kuliuliza mimi nilipohamia huku kutoka Tanga. Nilijibiwa kwa mkato, na ule mkato nikaulipia. Tangu wakati huo nimeendesha magari ya watalii na ya miradi ya maji katika mkoa huu na Manyara kwa zaidi ya miaka ishirini.

Njia zipo, nyingi kuliko utakazozimaliza. Ila hakuna hata moja iliyochongwa kwa ajili ya mtu kujifurahisha na gari. Kila utakayoikuta ina mwenyewe: hii ni ya ng'ombe kwenda kunywa, ile ni ya lori la mnada, nyingine ni ya gari la chanjo linalopita mara moja kwa mwezi. Ukishajua njia ni ya nani na huwa anaipita lini, umeshapata nusu ya jibu. Nusu nyingine iko chini ya matairi yako, na hiyo ndiyo nitakayoanza nayo, kwa sababu ndiyo inayowaliza wageni kutoka pwani.

Wewe na gari lako mmefundishwa na mchanga. Mchanga ukiupunguzia upepo wa tairi na ukaenda mwendo mmoja bila kusitasita, unakupitisha. Mvua ikinyesha, mchanga unakazana na njia inakuwa nzuri zaidi. Ukija huku na mazoea hayo, utajikuta unafanya jambo sahihi mahali pasipo pake. Kwa hiyo kabla hujatafuta njia, jifunze udongo. Upande huu wa kaskazini una wa aina nne unaopaswa kuutambua kwa macho ukiwa bado mbali.

Wa kwanza ni jivu la volkano. Mlima Meru, Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai vimemwaga jivu huku kwa maelfu ya miaka, na Lengai ulilipuka tena kwa nguvu mwaka 2007 hadi 2008. Jivu hilo ndilo vumbi utakalolikuta kaskazini ya Meru, sehemu za Longido na kwenye barabara ya Natron. Kiangazi magurudumu yanalisaga mpaka linakuwa kama unga wa sembe, na unga huo unajaza mashimo hadi yanakuwa sawa na barabara. Macho yanakuambia ni tambarare, kumbe mbele kuna shimo la kufika goti. Hapa ujuzi wako wa mchangani unakufaa: punguza upepo, punguza mwendo, usikanyage breki ghafla. Jambo jipya kwako litakuwa kichujio cha hewa. Magari mengi ya safari yana mkonga unaovuta hewa juu ya paa. Jimny yako inavuta chini, ndani ya vumbi. Usimfuate mwenzako kwa karibu, na jioni fungua kichujio ukikung'ute. Nimeona injini nzuri zikizeeka kabla ya wakati kwa kazi ya dakika tano iliyoachwa.

Wa pili ni udongo mweusi wa mbuga, na huu nakuomba uuogope. Uko Simanjiro, uko mabondeni kuzunguka Tarangire, na uko vipande vipande mahali pengi usipoutegemea. Ukiwa mkavu ni mgumu, umepasuka nyufa pana, na gari linapita kama kwenye sakafu. Ukilowa unavimba, unakuwa gundi. Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa natoka Simanjiro na gari lenye nguvu mara mbili ya lako. Ikanyesha mvua ya robo saa, hata haikuwa kubwa. Tope halikunifanya niteleze tu. Lilijikusanya kwenye matairi, likajaza nafasi yote chini ya mabawa, mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Fowili haikuwa na la kufanya, maana hakuna gurudumu lililoweza kuzunguka. Nililala pale usiku mbili. Waliokuja kunisaidia ni vijana watatu wa Kimaasai, wakiwa na mapanga na kibuyu cha maziwa. Tuligandua tope kwa mapanga, tukangoja jua, tukagandua tena.

Mmoja wao alinifundisha kitu ambacho hakuna mtu wa gereji aliyewahi kuniambia. Alinionyesha migunga mifupi, yenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi wanaoishi humo. Upepo ukipita kwenye vile vitundu, mti unapiga mluzi. Akasema, ukiuona mti huu umejaa mbele yako, chini ni udongo mweusi, hata kama leo pamekauka. Tangu siku ile sijawahi kuingia kwenye vichaka hivyo bila kutazama mawingu kwanza. Mti huo umeniokoa mara nyingi kuliko winchi.

Wa tatu si udongo hasa, ni mawe ya volkano: kuzunguka milima ya Kitumbeine na Gelai, na njia za chini ya Lengai. Meusi, yana ncha, na yanakata ubavu wa tairi. Hapa ndipo mazoea ya pwani yanapokuponza moja kwa moja. Mchangani unashusha upepo mpaka psi 15 na tairi linatanuka vizuri. Ukishusha hivyo kwenye mawe, ubavu unatoka nje kama tumbo, na jiwe moja linatosha. Pancha ya ubavuni haizibiki kwa utambi. Kwenye mawe shusha kidogo tu kutoka kwenye kipimo chako cha kawaida, kisha uende taratibu kwa gia ya lo, ukilielekeza gurudumu juu ya jiwe badala ya kulipitisha jiwe katikati ya gari, ambako ndiko kuna difu.

Wa nne ni magadi ya kando ya Ziwa Natron. Juu unaona gamba jeupe, kavu, linavutia kwa picha. Chini yake ni tope. Usiingie kabisa. Si kwa ajili ya gari lako peke yake. Natron ndiko heroe wadogo (flamingo) wa Afrika Mashariki wanakozalia, na eneo lile limo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu tangu mwaka 2001. Upande wa Engaresero kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zilizobaki kwenye jivu lililogeuka mwamba. Fikiria jivu limetunza unyayo wa mtu kwa maelfu ya miaka; alama ya tairi lako nayo haitafutika kesho.

Milimani, Upare na miteremko ya Meru, kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukilowa. Huo umeshauonja Kisarawe, kwa hiyo sitaongeza zaidi ya hili: kule korongo la pembeni lilikuwa la mita mbili, huku linaweza kuwa la mita mia.

Baada ya udongo, watu. Wenzako wanakutumia picha bila njia kwa sababu wengi walipelekwa. Waliketi nyuma wakiangalia dirishani. Unaowahitaji ni wanaoendesha kwa kazi. Madereva wa safari utawapata kwenye gereji, na wakati mzuri wa kuwaendea ni Aprili na Mei, mvua zikiwa zimepunguza wageni nao wana muda wa kukaa kitako. Usiwaulize habari za Serengeti. Waulize waliwapitisha wapi wageni wa kutembea kwa miguu, na gari la mizigo lilizungukia wapi kuwafuata. Hapo ndipo njia za nje ya hifadhi zilipo.

Kuna kundi jingine ambalo wageni hawalifikirii, nalo ndilo linalojua zaidi: madereva na matingo wa Fuso na Canter zinazobeba mifugo. Kila upande wa wafugaji una siku yake ya mnada. Siku hiyo malori yanatoka vijiji ambavyo kwenye ramani vinaonekana havina barabara. Ukijua orodha ya minada na siku zake, tayari unayo ramani ya njia, na ramani hiyo inajisahihisha yenyewe kila wiki, kwa sababu dereva aliyebeba ng'ombe ishirini hathubutu kupita mahali asipopajua. Anzia mnada wa Meserani, kando ya barabara kuu ya kwenda Makuyuni. Nunua nyama, keti karibu na waliopaki, sema wewe ni mgeni unajifunza njia. Utashangaa jinsi mtu anavyofurahi kuulizwa kazi yake.

Ila jifunze kuuliza. Swali la "Njia inapitika?" ni swali bovu. Kwa adabu zetu mgeni havunjwi moyo. Ataambiwa inapitika, na aliyemwambia hakusema uongo, maana yeye anapita kwa miguu, kwa punda au kwa bodaboda. Uliza hivi: "Gari lililopita hapa mara ya mwisho lilikuwa gari gani? Lilipita lini? Lilirudi kwa hapahapa au lilizunguka?" Ukijibiwa kwamba ni Canter, ilipita juzi na ikarudi na mzigo, nenda. Ukijibiwa kwamba ni Land Cruiser ya mradi, kabla ya mvua, basi hujaambiwa inapitika. Ukiona mtu anafikiri sana kabla hajakumbuka gari, geuza mwenyewe.

Sasa ramani, ambayo ndiyo ilikupeleka kwenye boma. Programu nyingi za simu huchora mstari ule ule mwembamba kwa barabara ya kijiji na kwa njia ya ng'ombe, halafu zinakuchagulia ulio mfupi. Njia ya ng'ombe, mwanangu, asubuhi inaanzia bomani na jioni inaishia bomani. Ndiyo maana ulitokea pale ulipotokea.

Ramani za OpenStreetMap ni nzuri kwa vijijini kwetu, kwa kuwa zinachorwa na watu wa kujitolea, na unaweza kuzishusha kwenye simu kupitia OsmAnd au Organic Maps kabla hujaondoka. Fanya hivyo, kwa sababu ukipita Mto wa Mbu kwenda kaskazini, mtandao unapotea kwa vipande virefu. Lakini usiiamini ramani kabla hujaitazama ardhi yenyewe kwa picha za setilaiti. Kaa nyumbani jioni moja, fungua picha, ifuate njia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia ya gari ina mistari miwili sambamba na inazunguka kilima. Njia za mifugo ni nyingi, nyembamba, zimesukana, na zote zinakimbilia sehemu moja: bwawa, kisima au chumvi. Duara lenye uzio wa miiba ni boma. Kisha utafute zile rangi za udongo nilizokueleza. Mabaka meusi mabondeni ni mbuga. Kijivu cheupe ni jivu. Nyeupe inayong'aa karibu na ziwa ni magadi. Google Earth inakuruhusu kurudi nyuma kwenye picha za miaka na misimu tofauti. Itazame njia hiyohiyo Septemba, halafu uitazame Aprili. Ukikuta Aprili madereva wamefungua michepuko mitatu minne pembeni ya njia kuu, hapo ndipo wanapokwama. Weka alama.

Michepuko hiyo nayo ina neno lake. Unapokuta tope katikati ya njia, moyo unakutuma upite pembeni kwenye majani. Kila anayefanya hivyo anaongeza njia nyingine, na ndani ya misimu michache malisho ya mtu yamegeuka barabara ya mita thelathini. Pita katikati, au rudi. Kama huwezi kupita katikati, ujue siku hiyo njia imefungwa.

Hilo linanileta kwenye swali lako la matatani. Uliambiwa "lipa uingie hifadhini" kana kwamba kuna hifadhi na kuna pori la bure. Hakuna pori la bure. Kuna hifadhi za taifa chini ya TANAPA. Kuna Ngorongoro, yenye mamlaka yake. Kuna mapori ya akiba na mapori tengefu, misitu ya hifadhi chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), na jumuiya za hifadhi za wanyamapori, hizi WMA, ambazo vijiji vyenyewe vimetenga ardhi yao: Enduimet upande wa Kilimanjaro Magharibi, Randilen na Burunge upande wa Tarangire. Yote haya yanahitaji ruhusa na malipo. Na mipaka haikai palepale: mwaka 2022 eneo la Loliondo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,500 lilitangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Aliyekuwa akipita huko miaka ya nyuma na akakupa alama zake za GPS atakuingiza mahali ambapo sasa unahitaji kibali. Uliza upya kila mara. Monduli napo pana chuo cha jeshi na maeneo ya mazoezi ya jeshi. Ukiona kibao cha kuzuia, usijadiliane nacho.

Sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya vijiji, inayosimamiwa na halmashauri za vijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Barabara ya kijiji au ya wilaya, hizi zilizo chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), unapita bila kumwomba mtu. Ukitaka kuacha barabara, kupiga hema au kufuata njia ya malisho, pita ofisi ya kijiji umwone mtendaji au mwenyekiti. Jieleze, andika kwenye kitabu cha wageni, uliza kama kuna ushuru. Njia ya Natron ina vituo vya kulipia ushuru vya halmashauri na kijiji. Pita navyo bila ugomvi, lakini omba namba ya malipo na udai risiti. Fedha iliyotolewa dirishani bila karatasi haifiki kwenye zahanati ya kijiji.

Kuna kitu kimoja ambacho hutakiona kwenye ramani wala kwenye kibao. Wamaasai hutenga malisho ya akiba, wanayaita alalili, wanayaacha yasiliwe mpaka kiangazi kikali, kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Kwa macho ya mgeni ni uwanda mzuri wa majani marefu usio na mtu, panapofaa kabisa kwa hema na gari. Kumbe hapo pana uhai wa familia nyingi, na aliyeingiza ng'ombe bila ruhusa anatozwa faini na wazee. Ukiona majani yamesimama marefu ilhali pande zote pameliwa mpaka udongo, usiingize gurudumu. Uliza.

Na pale kwenye boma, hukupaswa kuona aibu wala kugeuza. Kosa halikuwa kufika. Gari likifika bomani likageuza na kukimbia, linawaacha watu na maswali: ni nani huyu, anatafuta nini, ameona nini? Ungezima injini mbali kidogo na uzio, ungeshuka, ungengoja uonekane. Mzee wa kiume msalimie kwa "Supai", mama kwa "Takwenya". Watoto watakuletea vichwa uwaguse. Baada ya salamu mwambie umepotea njia. Utaonyeshwa, na mara nyingi utapewa kijana wa kukupeleka. Mlipe kwa muda wake, na umrudishe ulipomtoa. Usimwache kilomita kumi kutoka kwao.

Kuhusu pa kuanzia, nitakupa mahali nilipowapeleka wengi, kuanzia palipo pepesi.

Monduli Juu ni shule nzuri na ni karibu. Kutoka mjini Monduli unapanda, unapata baridi, misitu na kile kijiji cha Emairete kilicho ndani ya kreta ya zamani. Barabara yenyewe haitakutisha. Faida yake ni kwamba kwa siku moja unakutana na udongo mwekundu juu na vumbi chini, na jioni unalala kwako.

Pili, upande wa kaskazini wa Meru. Ukitoka Oldonyo Sambu kuelekea Ngarenanyuki unauona mlima kwa uso ambao watu wa mjini hawaujui: mkavu, makorongo, jivu, na siku ya anga safi Kilimanjaro iko mbele yako. Makorongo hayo ndiyo darasa. Shuka, tembea kwa miguu uvuke, chagua pa kupandia, halafu ndipo urudi kwenye gari. Beba maji yako ya kunywa na usijaze kwenye vijito vya huko. Yana floridi nyingi, ndiyo maana utawaona watu wa upande huo na meno ya kahawia.

Ukishazoea, chukua siku mbili uzunguke Kilimanjaro Magharibi: Sanya Juu, Ngarenairobi, kisha ushuke uwandani kuelekea Tinga Tinga na Longido, urudi kwa lami ya Namanga. Kama unataka kuingia ndani ya Enduimet, pitia kwao ulipie. Twiga na tembo wanapita huko bila uzio, kwa hiyo usiendeshe usiku. Na ukisogea Sinya uko jirani kabisa na Kenya. Mpaka wenyewe hauna ukuta, lakini gari linavukia Namanga tu. Beba kitambulisho.

Natron iache iwe ya nne. Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu ni takriban kilomita 115 za lami, na kutoka hapo hadi Engaresero ni kilomita 120 hivi za vumbi, mawe na barabara iliyojikunja kama bati, ukipita Engaruka penye mabaki ya mashamba ya kale ya mawe. Piga hesabu ya mafuta: tangi lako ni lita 40, na kwa gia ndogo usitegemee zaidi ya kilomita tisa au kumi kwa lita. Kwenda na kurudi kutoka Mto wa Mbu ni kilomita 240 kabla hujazunguka popote. Jaza Mto wa Mbu mpaka juu na ubebe dumu moja la chuma lenye lita 20. Mafuta ya chupa yapo vijijini, lakini usiyawekee tumaini la safari.

Kwenye njia hiyo, hatari ambayo mtu wa pwani haitarajii ni maji yasiyo na mvua. Upande wako wa kushoto, ukienda kaskazini, kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Mvua inaweza kunyesha juu ya ukuta, wewe chini ukiwa na jua kali, na korongo kavu likajaa ghafla maji ya rangi ya chai yanayobeba mawe. Ukikuta korongo linatiririka, zima gari ukae upande ulipo. Mara nyingi baada ya saa chache hushuka. Usivuke kwa kuwa umeona Land Cruiser imevuka. Ile ina uzito wa zaidi ya Jimny mbili, na yako itaelea. Kwa sababu hiyohiyo, Machi mpaka Mei zibaki za Monduli na za kuuliza maswali. Novemba na Desemba za vuli, tazama kila siku kivyake. Juni hadi Oktoba ndizo zako.

Vifaa sitavirefusha, unavyo vingi tayari. Ongeza tairi la pili la akiba kwa safari za mawe, pampu nzuri ya upepo, sepetu, mbao mbili za kuwekea jeki, na kamba ya kuvutia yenye pingili imara. Jeki ndefu ya kwenye bampa haifai kama chini ni jivu na hakuna ubao. Winchi acha kwanza. Huku kuna nyanda nyingi ambako hutapata mti wa kuifungia. Gari la pili ndilo winchi. Safari mbili za kwanza kati ya nilizokutajia unaweza kwenda peke yako ukiwa umemwachia mtu njia yako na saa ya kurudi. Za Tinga Tinga na Natron nenda magari mawili, na hilo namwambia kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, mgeni kwa mwenyeji. Mimi mwenyewe siendi peke yangu.

Jumamosi hii, kama hakujanyesha tangu Alhamisi, rudi Monduli palepale ulipogeuza. Ondoka saa moja asubuhi, chukua sukari na majani ya chai. Zima gari mbali na uzio, shuka, ngoja. Waambie wewe ndiye uliyegeuza mwezi uliopita, kisha uwaulize lori la mnada huwa linapita wapi.